Faili moja, wakalimani wawili: kisa cha orodha ya mahudhurio iliyokuwa na majibu mawili

Kisa hiki ni cha kweli. Jina la taasisi, majina ya watu na namba za wanafunzi nimeviondoa, na idadi za vikao nimezibadilisha kidogo bila kuharibu hesabu. Mimi nilikuwa mmoja wa mafundi wawili waliohusika, na sehemu ya makosa yanayosimuliwa hapa ni yangu.

Usuli

Taasisi ya mafunzo ilikuwa na kanuni moja inayoogopwa na kila mwanafunzi: asiyefikisha asilimia 75 ya mahudhurio hakai mtihani wa mwisho. Walimu waliingiza mahudhurio kwenye mfumo, mfumo ukatoa faili la CSV (jedwali lililoandikwa kama maandishi matupu) kila usiku, kisha skripti fupi ya Python (programu ambayo mkalimani, yaani programu ya Python yenyewe, huisoma na kuitekeleza) ikalisoma faili hilo na kuandika orodha ya waliopungukiwa. Asubuhi karani wa mitihani aliichapa na kuibandika ubaoni.

Skripti yenyewe haikufika mistari arobaini. Iliandikwa zamani, enzi za Python 2, na mtu ambaye alishahama. Haikutegemea moduli yoyote ya nje. Kiini chake kilikuwa hiki:

```
asilimia = round(100 * alihudhuria / vikao)
if asilimia < 75:
    print('%s,%d' % (namba, asilimia))
```

Iangalie vizuri, kwa sababu kisa chote kimejificha humo. `alihudhuria` na `vikao` ni namba nzima zilizosomwa kwa `int()`. Ile `round`, inayokadiria hadi namba nzima iliyo karibu, iliwekwa na nani na kwa nini, hakuna aliyekumbuka. Nadhani mwandishi alitaka tu asilimia isionekane na mkia wa desimali.

Miezi miwili kabla ya tukio tuliweka kwenye seva mazingira pepe ya Python 3 (folda yenye mkalimani na moduli zake yenyewe) kwa ajili ya kazi nyingine. Ili kurahisisha maisha, mwenzangu aliongeza mstari kwenye `.bashrc` (faili la mipangilio ya terminali) ya akaunti tuliyoitumia sote, ili mazingira hayo yawashwe mtu anapoingia. Tangu siku hiyo kila aliyeingia na kuandika `python` alipata Python 3. Cron, programu ya seva iliyoendesha kazi za usiku kwa ratiba, haikuguswa na yeyote. Mstari wake ulisema `python orodha.py`, kama ulivyosema miaka yote.

Orodha mbili

Wiki ya kuelekea mitihani, mratibu wa kozi aliomba orodha mpya mchana kwa sababu kuna mwalimu alikuwa amerekebisha mahudhurio ya mwanafunzi mmoja. Nikaingia kwenye seva, nikaendesha skripti, nikamtumia. Jioni karani alinipigia simu.

"Bwana, hii ya mchana imepungua watu sita. Wa asubuhi wako wapi?"

Nikamwambia bila shaka ni marekebisho ya mwalimu. "Mwalimu karekebisha mmoja," akasema, "na huyo mmoja si kati ya hawa sita. Sasa niibandike ipi?"

Nilimwomba asubiri. Hakuweza kusubiri, maana mratibu alishawaandikia wale sita kwamba wameruhusiwa. Asubuhi yake cron ikatoa orodha mpya, na wale sita wakarudi ndani yake. Mtu aliyeambiwa mchana kwamba atafanya mtihani aliamka na kukuta namba yake ubaoni miongoni mwa waliozuiwa.

Siku mbili za kumfukuza asiye mwizi

Dhana yetu ya kwanza ilikuwa data. Ilikuwa na mantiki: orodha moja inatoka usiku na nyingine mchana, na katikati walimu wanaingiza mambo. Tena wale sita wote walitoka katika makundi mawili tu kati ya manne, lenye vikao 71 na lenye vikao 67. Tukaamini walimu wa makundi hayo wanachelewa kujaza. Tukawaandikia barua pepe ya heshima, lakini yenye kidole ndani yake. Mmoja alijibu kwa picha ya daftari lake, kila kikao na tarehe yake. Ilitubidi tuombe radhi.

Dhana ya pili ilikuwa saa: labda seva iko katika ukanda mwingine wa saa na kikao cha mwisho wa siku kinahesabiwa kesho. Tulipoteza nusu siku hapo.

Kosa langu mwenyewe lilikuja katikati. Nilifungua mkalimani wa Python kwenye terminali, nikaandika hesabu ya mwanafunzi mmoja kwa mkono:

```
>>> 100 * 53 / 71
74.64788732394366
>>> round(100 * 53 / 71)
75
```

Nikasema: hesabu iko sawa, 75 si chini ya 75, mwanafunzi anapita. Basi tatizo liko kwenye data. Nikaendesha skripti nzima mara nne au tano, na kila mara ikanipa orodha ileile ya mchana. Sikutambua kwamba muda wote huo nilikuwa namuuliza mkalimani wa mchana maswali yaliyomhusu yule wa usiku. Kila jaribio lilinithibitishia nilichokwisha kuamini.

Kuugandisha ushahidi

Kilichotutoa gizani ni uamuzi ambao tulipaswa kuufanya saa ya kwanza. Mwenzangu alinakili faili la CSV, akaiondolea nakala hiyo ruhusa ya kuandikwa, kisha akaweka kwenye cron kazi ya majaribio inayosoma nakala hiyo tu. Data ikawa haiwezi kubadilika. Kazi ikaendeshwa na cron, sisi nasi tukaiendesha kwa mkono dakika ileile.

Orodha zikatofautiana. Watu sita.

Hapo dhana ya data ilikufa papo hapo, na ya saa ikafuata. Faili ni moja, skripti ni moja, dakika ni moja, majibu mawili. Kilichobaki ni anayesoma. Tukaongeza mistari miwili juu kabisa ya skripti:

```
import sys
sys.stderr.write(sys.executable + ' ' + sys.version + '\n')
```

Kwa mkono, ujumbe ulitaja Python 3 ndani ya folda ya mazingira pepe. Kwa cron, ulitaja `/usr/bin/python`, toleo 2.7.

Sababu si ya ajabu ukishaijua. Ukiandika `python`, neno hilo si programu maalumu, ni jina tu. Ganda la amri (programu inayopokea amri unazoandika) hulitafuta jina hilo folda kwa folda kwa mpangilio ulioandikwa kwenye `PATH`, na la kwanza kupatikana ndilo linaloendeshwa. Sisi tulioingia kwa terminali tulikuwa na `PATH` iliyotanguliza folda ya mazingira pepe. Cron haisomi `.bashrc` ya mtu. Huanza na `PATH` fupi, mara nyingi `/usr/bin:/bin`, na kwenye seva ile kuukuu aliyekaa humo kwa jina la `python` alikuwa Python 2.7, mkongwe ambaye matengenezo yake rasmi yalikoma tarehe 1 Januari 2020.

Baadaye tuligundua tungeweza kuuleta usiku mchana kwa amri moja:

```
env -i PATH=/usr/bin:/bin /bin/sh -c 'python orodha.py'
```

`env -i` humvua mkalimani kila kitu alichorithi kutoka kwenye kikao chako, akabaki na kile tu ulichompa. Orodha ya usiku ilitoka saa tano asubuhi, mbele ya macho yetu.

Kwa nini hakuna aliyelalamika

Hapa ndipo penye uzito. Python 2 na Python 3 zinatofautiana kwa mambo mengi, na kwa kawaida tofauti hizo hupiga kelele: mkalimani anakataa kusoma faili, anatoa kosa, unajua. Kwa nini safari hii kila mmoja alisoma kimya kimya na kutoa jibu lake?

Kwa sababu skripti ilikuwa nyepesi mno. `print` yenye kitu kimoja ndani ya mabano inakubalika kwa wote wawili. Upangaji wa maandishi kwa alama ya `%` wote wanaujua. Hata lugha yetu ilichangia: maoni ndani ya skripti yaliandikwa kwa Kiswahili, na Kiswahili hakihitaji herufi zenye alama juu. Laiti kungekuwa na herufi moja tu ya namna hiyo, hata ndani ya maoni, Python 2 ingeligomea faili zima kwa sababu hakuna tamko la usimbaji (mstari unaotaja mfumo wa herufi za faili) mwanzoni, nasi tungejua tangu usiku wa kwanza.

Walipoachana ni kwenye alama ya `/`. Katika Python 2, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima hutoa namba nzima, na kinachobaki hutupwa. 5300 kwa 71 ni 74. `round` inapofika haina cha kukadiria. Inapokea 74 na kurudisha 74.0. Mwanafunzi amepungukiwa. Katika Python 3, iliyotoka Desemba 2008, `/` hutoa jibu lenye desimali: 74.647 na kuendelea. Sasa `round` ina kazi, na inampandisha hadi 75. Mwanafunzi amepita.

Na lile fumbo la makundi mawili? Hesabu tu. Kwa vikao 71, mwenye 53 ana asilimia 74.65. Kwa vikao 67, mwenye 50 ana 74.63. Wote wanavuka nusu. Makundi mengine mawili yalikuwa na vikao 64 na 58. Kwa 64, mwenye 48 ana 75 kamili na mwenye 47 ana 73.44, kwa 58, mwenye 43 ana 74.14. Hakuna anayeangukia kati ya 74.5 na 75, kwa hiyo wakalimani wote wawili walikubaliana. Walimu tuliowanyooshea kidole walikosea jambo moja: kufundisha vikao 71 na 67.

Orodha ipi ilikuwa sahihi?

Mwenzangu alitaka turekebishe cron itumie Python 3 jioni ileile, tumalize. Nilipinga, na huu ndio uamuzi pekee katika kisa hiki ninaojivunia. Tulikuwa tumeshajua *kwa nini* orodha zinatofautiana. Hatukujua ipi kati yake inafuata kanuni. Python 3 ni mpya na 2.7 ni kuukuu, lakini upya wa mkalimani haumfanyi kuwa msimamizi wa mitihani.

Tukaenda kwa karani, naye akatoa kanuni iliyochapishwa: asilimia 75 au zaidi. Hakuna neno lolote kuhusu kukadiria. Asilimia 74.65 si 75. Kumbe mkalimani aliyepitwa na wakati, kwa kutupa desimali, alikuwa akitoa jibu linaloafikiana na kanuni kwa ukamilifu: ukikata desimali kisha ukalinganisha na namba nzima, unapata jibu lilelile ambalo ungepata bila kukata. Ile `round` ilikuwa kosa tangu siku ya kwanza, lakini kosa lililolala, kwa sababu ugawanyaji wa Python 2 haukuipa nafasi. Sisi tuliiamsha kwa mstari mmoja wa `.bashrc`.

Kama tungekimbilia "kusasisha" usiku ule, tungekuwa tumewaruhusu wasiostahili kimya kimya na kuita hilo marekebisho.

Marekebisho, na usiku bila orodha

Kwanza hesabu. Badala ya kugawanya, tulizidisha pande zote mbili:

```
if 100 * alihudhuria < 75 * vikao:
```

5300 ni ndogo kuliko 5325, basi mwanafunzi amepungukiwa. Hakuna desimali, hakuna kukadiria, na mkalimani yeyote wa Python atatoa jibu hilohilo. Kuna faida ya pembeni pia: hatukulazimika kumweleza karani kwamba `round(74.5)` katika Python 3 ni 74 ilhali `round(75.5)` ni 76, kwa kuwa nusu kamili hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Nilijaribu kumweleza mtu mwingine siku moja, akadhani namtania. Asilimia ya kuonyesha kwenye karatasi tuliihesabu pembeni kwa `//`, ambayo hukata desimali katika matoleo yote mawili.

Kisha tukamgeukia mkalimani, na hapo tukajikwaa upya. Mwenzangu aliandika kwenye cron `source venv/bin/activate && python orodha.py`, akajaribu kwenye terminali, ikaenda vizuri. Usiku cron ikaipa kazi hiyo `/bin/sh`, ambayo kwenye seva ile ni ganda la amri liitwalo dash, na dash haiijui amri `source`. Skripti haikuendeshwa kabisa. Ujumbe wa kosa ulitumwa kwenye sanduku la barua la ndani ya seva, ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifungua. Faili la orodha la jana lilibaki mahali pake, karani akalichapa akidhani ni la leo. Usiku wa pili vilevile. Tulijua siku ya tatu, mwalimu alipouliza kwa nini marekebisho yake hayaonekani.

Kwa mara nyingine tulikuwa tumejaribu kwa mazingira ya mchana kitu kitakachoendeshwa usiku. Tena baada ya kujifunza somo hilo siku tatu tu kabla.

Suluhisho lililobaki ni jepesi kuliko hilo: njia kamili ya mkalimani, yaani `/…/venv/bin/python /…/orodha.py`. Hakuna haja ya kuwasha mazingira pepe. Mkalimani aliyemo ndani yake anapoanza hutazama faili la `pyvenv.cfg` lililo karibu naye, akajua yuko wapi na moduli zake ziko wapi.

Tuliongeza pia kizuizi mwanzoni mwa skripti:

```
if sys.version_info < (3, 8):
    sys.exit('Mkalimani huyu ni wa zamani: ' + sys.executable)
```

Kizuizi hiki kina mpaka wake. Python haisomi faili mstari kwa mstari huku ikitekeleza, kama wengi tunavyodhani. Hulipitia faili zima kwanza na kuligeuza kuwa baitikodi (maagizo ya ndani ya mkalimani), ndipo mstari wa kwanza unapoendeshwa. Ukitumia chini ya faili sarufi ambayo mkalimani wa zamani haifahamu, atagoma kabla ya kufika kwenye kizuizi chako, na ujumbe wako mzuri hautaonekana. Kwetu hilo halikuwa tatizo. Tulichotaka ni agome.

Mwisho, orodha sasa huandikwa kwenye faili la muda, na hupewa jina lake halisi pale tu skripti inapomaliza bila kosa. Ya zamani hufutwa kabla ya kazi kuanza. Orodha isipotoka, karani hakuti kitu, na asiyekuta kitu hupiga simu.

Matokeo

Ofisi ya mitihani iliamua wale sita wafanye mtihani muhula ule, kwa kuwa walikuwa na barua ya mratibu mkononi, na kwamba muhula unaofuata kanuni itashikwa bila kukadiria. Uamuzi huo ulikuwa wao, na sidhani kama fundi angepaswa kuwa na sauti humo.

Tulipekua kazi nyingine za cron kwenye seva ileile. Nne ziliita `python` kwa jina tupu. Mbili zilikuwa zimekufa zamani bila mtu kujua. Ya tatu ilikuwa salama. Ya nne iligawanya namba nzima.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kugandisha data na kuacha kitu kimoja tu kibadilike. Jaribio hilo lilichukua dakika ishirini na kuua dhana mbili zilizotugharimu siku mbili. Mstari wa `sys.executable` uligharimu muda mfupi hata kuliko huo, na tumeuacha humo moja kwa moja. `which python` haiwezi kuchukua nafasi yake: hiyo inakuambia ni nani angeitika ukimwita wewe, sasa hivi, kutoka hapo ulipo. Aliyeitwa usiku hujulikana kwa kujitaja mwenyewe.

Kilichoshindwa kwanza ni ile `.bashrc`. Kuwasha mazingira pepe kwa kila anayeingia kwenye akaunti ya pamoja kulibadilisha maana ya neno `python` kwa watu wote bila kulibadilisha kwa mashine. Bila mstari ule, mchana na usiku zingekubaliana hadi siku ya kuhamia Python 3, na ile `round` ingeamka siku hiyo kwa wote kwa pamoja, pasipo orodha ya pili ya kulinganisha nayo. Kwa hiyo siwezi kusema tulikosa bahati kabisa.

Terminali shirikishi nayo ilinipotosha, ingawa naipenda na naitumia kila siku. Ni nzuri kwa kuuliza hesabu inavyokwenda. Kwa kuuliza programu iliyoendeshwa na mwingine ilifanya nini, haifai, isipokuwa umefungua mkalimani yuleyule kwa njia yake kamili. Ningeandika `/usr/bin/python` na kurudia ile hesabu ya 53 kwa 71, ningeona 74 siku ya kwanza.

Python 2 yenyewe ilikuwa na zana ya kututahadharisha. Tangu toleo 2.2 la mwaka 2001 kulikuwa na `from __future__ import division`, iliyomwezesha mwandishi kuchagua ugawanyaji mpya mapema, na chaguo la `-Qwarn` lililomfanya mkalimani aonye kila anapogawanya namba nzima kwa mtindo wa zamani. Tuliendesha skripti ya zamani kwa `-Qwarn` baada ya yote kuisha, kwa udadisi. Onyo lilitoka, na namba ya mstari uliokuwa unatafutwa siku zote hizo ilikuwa ndani yake.

Kuhusu barua pepe kwa walimu: hapo hapakuwa na suala la kiufundi. Tulikuwa na dhana, hatukuwa na ushahidi, na tuliandika kama walio nao. Yule mwenye daftari bado hututumia mahudhurio yake kwa mfumo na kwa picha pia.

Orodha ya sasa huanza na mstari unaotaja tarehe, njia ya mkalimani na toleo lake. Karani haelewi nusu ya mstari huo, lakini huusoma kila asubuhi kabla ya kuchukua pini, na mara moja tayari ameirudisha karatasi kwetu kwa sababu namba ya toleo ilikuwa tofauti na ya jana.